Imbwa Ndogo za Madamu na Fasi ya Kuzilalisha

Watu wenye kuandika habari za kazi yao ni wazee wenye wamekwisha kupata pension, wanakaa inje ya nyumba kwenye kiti na kuangalia wengine wakienda kazi. Mimi sina hata mvi moja. Lakini kazi ya imbwa nimeimaliza, karibu ninaenda Rutshuru kufundisha watoto wa shule, na kama nikingoja kuwa muzee nitasahau yote. Tena kungoja sijui. Kwa hiyo naandika sasa, kwa yule mwenye atachukua fasi yangu, na kwa watu wa Goma wenye wameanza kuona zile imbwa ndogo za wazungu na kusema: na mimi nataka kuzalisha nyumbani.

Wengi wananiuliza kwanza zinakula nini. Hiyo ni swali ya mwisho. Zinakula vizuri kuliko wewe, na tusiongee tena juu ya hiyo.

Nyumba ya Madamu iko kwenye barabara ya kwenda Sake, upande wa Lac Vert, juu ya mawe meusi ya volkano. Bwana yake alikuwa na shamba ya kahawa. Alikufa, Madamu akabaki na nyumba kubwa, ziwa mbele ya madirisha, na imbwa moja muke jina yake Zizi. Zizi ilikuwa nyeupe, manyoya marefu mupaka juu ya macho, na kama ukiilowesha maji unaona kwamba ndani ya yale manyoya kuna kitu kidogo sana, kama kuku yenye imetolewa manyoya.

Siku ya kwanza nilifika nikivaa viatu ya kuazima. Madamu alikuwa anasimama kwenye baraza.

“Umesoma mupaka wapi?”

“Sekondere, Madamu. Sikumaliza, baba alikufa.”

“Unaogopa imbwa?”

“Kubwa, ndiyo. Hii, hapana.”

Hakucheka. Akanieleza kwamba Zizi ilizaa, vitoto vikawa vizuri, vikanyonya, na asubuhi moja vyote vikakutwa vimekufa ndani ya nyumba yao. Hakuna damu, hakuna kuhara, hakuna kidonda. Vililala tu. Zizi yenyewe ilikutwa inje, inayumba kama mulevi. Veterinere, daktari wa mifugo, alikuja, akaangalia, akasema labda baridi, labda maziwa, akaenda.

“Gasigwa ni mutu wa ng'ombe,” Madamu akasema. “Nafikiri alivipa vitoto kitu. Sasa utakuwa pamoja naye. Zizi itazaa tena. Kama vitoto vinakufa tena, Gasigwa anarudi kwao Kibumba. Nimekwisha kumwambia.”

Muzee Gasigwa mwenyewe alikuwa pale, hatua kidogo kutoka kwetu, ameshika fimbo yake, anaangalia ziwa. Alisikia yote. Alikuwa mutu murefu, mukavu, amevaa koti ya bwana mwenye alikufa, mikono ya koti inaishia juu ya kiwiko. Utoto wake wote alichunga ng'ombe za baba yake, sasa anachunga mulango na Zizi. Kwake Kibumba alikuwa na bibi na wajukuu wenye walikula kwa hii kazi, na miaka yake haikuwa tena ya kutafuta ingine.

Madamu alipoingia, Muzee akaniangalia viatu.

“Mwana wangu, wamekuleta unizike?”

“Hapana, Muzee. Wameniambia nije kwa imbwa.”

“Ni kitu kimoja tu,” akasema, akanipa ufagio.

Nilifikiri atanichukia. Hakunichukia. Alikuwa tu polepole, na kwangu mimi mutu wa polepole ni azabu. Kama nikimuuliza kitu asubuhi, ananijibu mangaribi, na jibu inaanza na ng'ombe. Lakini vitu vyote ninavyoandika hapa juu ya kuzalisha, nilivipata kwake, kwa hiyo muvumilie na nyinyi.

Kitu ya kwanza alinifundisha ni kuuliza: vitoto vitaenda kwa nani? Alisema baba yake hakupandisha ng'ombe bila kujua majani itatoka wapi. Nikaenda kwa Madamu na ile swali, kwa Kifaransa safi ya shule. Akanitajia wanamuke tatu wa kizungu wenye walitaka kitoto. Nikasema, na kama vikizaliwa vingi kuliko hawo? Akafikiri, akasema vingine atabaki navyo. Papa Kambale, mupishi, Munande wa Butembo mwenye hakupenda imbwa hata kidogo, alitusikia kutoka dirisha ya jikoni.

“Mbuzi ikizaa, kuna mutu anauliza vitoto vitaenda kwa nani? Tunajua. Vinaenda kwenye sufuria.”

“Papa Kambale, hizi ni imbwa.”

“Njo maana nasema, ni kazi ya bure.”

Kitu ya pili ni dume. Hapa musikilize sana, juu ya wengi wanaanguka hapa. Rafiki moja wa Madamu, mwenye shamba kule njia ya Rutshuru, alikuwa na dume yenye manyoya kama ya Zizi, nzuri sana, jina Diki. Alikuja nayo ndani ya gari, akaishusha kama mutu anashusha askofu. Muzee Gasigwa akakaribia. Akashika kichwa ya Diki na mikono mbili, akaipima kwa ngumi. Kisha akaenda kwa Zizi, akapapasa nyonga yake nyuma, kwa vidole, polepole, macho imefungwa. Mimi nilikuwa nasimama kwa mguu mumoja, nataka amalize.

“Hapana,” akasema.

Madamu akasema, “Gasigwa, ni imbwa ya ukoo muzuri. Iko na makaratasi yake yote.”

“Madamu, makaratasi haipite kwenye mulango wa kuzaa. Kichwa njo inapita.”

Yule bwana akacheka, Madamu hakucheka, lakini Diki ilirudishwa ndani ya gari. Nyuma yake tukapata dume ingine ku Gisenyi, ya mama mumoja muzee, imbwa nzee kidogo, ndogo kuliko Zizi, jino moja inatoka inje ya mudomo. Haikuwa ya kuangalia. Muzee akaipima, akasema, “Hii njo bwana arusi.” Mukumbuke hivi: dume iwe sawa na muke ama ndogo kuliko muke. Ukitaka vitoto vikubwa, zalisha imbwa kubwa, uachane na hizi.

Kisha kuna umri. Muke isizae wakati inatoka damu mara ya kwanza, bado ni mutoto. Isizae pia kila mara damu inakuja, itakwisha mwili. Na wakati ile damu inatoka, ufunge mulango, ufunge dirisha, ufunge hata mashimo ya ukuta wa mawe, juu ya imbwa zote za site, za mitaa yote, zitakuja kupiga magoti kwenye lango lako. Zilikuja zenye mukia na zenye kukatwa mukia, zenye masikio na zenye bila. Moja ilikuwa na mwili kama ndama. Muzee alikaa na fimbo mbele ya lango, mimi nikakaa nyuma ya nyumba na mawe kwenye mufuko. Papa Kambale alitoka na ndoo ya maji ya moto, akauliza kama sisi ni askari wa imbwa ama namna gani. Zizi ilikuwa inalia ndani, inataka kutoka iende kwa ile yenye mwili kama ndama.

“Muone,” Muzee akasema. “Haijui vizuri yake.”

“Nani anajua yake?” Papa Kambale akajibu, akarudi jikoni.

Basi Zizi ikapandishwa na ile dume nzee ya Gisenyi, na ikachukua mimba. Inabeba karibu miezi mbili. Muda huo mimi nilikuwa na kazi ya kutengeneza vyombo. Naviandika hapa kwa sababu sitaki mutafute kama sisi tulivyotafuta: makasi yenye imechemshwa, uzi mugumu, alkoli, vitambaa ya pamba mingi kuliko unafikiri, chupa ya kutia maji ya moto na soksi ya kuivika, sukari, na sanduku yenye ukuta mufupi upande mumoja ili mama atoke na vitoto vibaki. Sanduku nililipiga misumari mwenyewe. Muzee alikuja akaliangalia, akaliweka upande ingine, akaliangalia tena. Mupaka leo sijui alitafuta nini.

Sasa kilibaki kitu kimoja: fasi ya kuweka lile sanduku. Na hapa njo habari yenyewe.

Nyuma ya nyumba ya Madamu kulikuwa na bonde ndogo kati ya mawe, kama bakuli. Upepo wa ziwa haukufika pale. Ku Goma mutu akisema imbwa ndogo zinakufa na baridi, anasema kweli, kwa hiyo kila mutu alipenda lile bonde. Muzee Gasigwa mwenyewe ndiye alilichagua mbele ya mimi kufika, na Madamu akajengesha pale nyumba ya imbwa ya mbao, na sakafu ya mbao chini kabisa, na paa ya bati. Nyumba nzuri. Binamu yangu alipoiona alisema angeoa na kuingia mule.

Mutu yeyote wa hapa ataniuliza: na mazuku? Kwa mwenye hajui, mazuku ni ule upepo mubaya wenye unatoka chini kati ya mawe ya volkano. Hauna rangi, hauna harufu, ni muzito kuliko upepo ya kawaida, unalala kwenye mashimo kama maji. Asubuhi, wakati hakuna upepo, mutu anapita mule na haamuki tena. Sote tunajua fasi zake. Kwenye shamba ya Madamu kulikuwa na moja, chini karibu na ziwa, majani yake imekauka, watu waliizungushia mawe na watoto wanajua kutopita pale. Lakini lile bonde ya nyumba ya imbwa majani yake ilikuwa kijani. Tena Muzee hakulichagua bure. Alifanya kama watu wake wanafanya mbele ya kujenga juu ya mawe: alifunga mbuzi mule usiku kucha, kwa kamba ndefu, akarudi asubuhi. Mbuzi ilikuwa muzima, inatafuna. Na mbuzi ikisha kusema ndiyo, nani atauliza tena?

Kwa hiyo wakati vitoto ya kwanza vilikufa, hakuna mutu alitaja mazuku, hata Madamu, hata veterinere. Ile swali ilifungwa na mbuzi.

Mimi nilikuwa nafagia ile nyumba ya imbwa kila asubuhi, kuitayarisha. Na kila asubuhi kwenye pembe zake nilikuta mende, panzi, na nzi, zimelala mugongo chini, miguu juu. Nikafagia. Kesho yake zingine. Nikamuuliza Muzee ni dawa gani anatia mule.

“Dawa? Ni usafi,” akasema, na alijivuna kidogo. “Nyumba yangu haina dudu.”

“Iko nazo, Muzee. Zimekufa tu.”

“Dudu yenye imekufa si dudu tena.”

Mimi sikulala na ile jibu. Zinakuja kufia mule kwa sababu gani? Ni nini inaziua na haiui mimi? Nilianza kuziangalia. Kwenye ukuta, kwa urefu wa kifua, kulikuwa na buibui muzima, amenenepa, anatengeneza nyavu yake. Chini, hakuna kitu yenye kutembea. Nilifurahi kama mutu amepata karanga kwenye mufuko wa zamani, lakini sikujua nimepata nini.

Asubuhi moja jua ilikuwa bado kutoka, ziwa limetulia kabisa, nilikuja na taa ya petroli. Nikaiweka chini kwenye sakafu ili nifagie. Ikazimika. Nikasema labda ni upepo wa mulango. Nikaiinua, nikaiwasha, ikawaka vizuri mukononi. Nikaiweka chini. Ikazimika. Nikatoka mule mbio, nikaanza kuita.

Muzee akaja, polepole.

“Petroli imekwisha.”

Nikaitikisa karibu na sikio yake. Ilikuwa imejaa.

“Basi utambi.”

“Muzee, ngoja.” Nilikimbia kwa Papa Kambale kumuomba buji, ule mushumaa wa kanisa wenye anawasha kwenye sanamu yake ya Bikira Maria. Hakutaka kunipa, nikasema ni kwa roho ya mutu, akanipa. Nikaufunga kamba, nikausimamisha kwenye kopo, nikaushusha sakafuni kutoka mulangoni bila kuingia. Kwa urefu wa goti, moto ulikuwa sawa. Kwa urefu wa mukono kutoka chini, moto ukaanza kulala upande. Chini yake, ukafa. Moshi wake mweupe haukupanda, ulikaa pale kama maziwa kwenye sahani.

Muzee Gasigwa aliangalia, akaniomba nirudilie. Nikarudilia. Akasema, “Tena.”

“Muzee,” nikauliza, “ile mbuzi yako ililala wapi?”

“Hapa, ndani ya bonde. Nilikuambia.”

“Fasi gani, ndani ya bonde?”

Akageuka. Nyuma ya nyumba ya imbwa kulikuwa na jiwe kubwa, refu kama meza. Akaliangalia muda.

“Pale juu,” akasema. “Asubuhi niliikuta pale juu. Mbuzi haipendi kulala chini kama kuna jiwe.”

Akaenda kukaa juu ya lile jiwe. Akashusha mukono wake wote chini, mupaka vidole vikagusa majani, kama mutu anapima maji ya mutoni.

“Basi ilitujibu juu yake yenyewe,” akasema.

Sasa kulikuwa na kumwambia Madamu. Nilitaka kwenda saa ile ile. Muzee akanishika mukono. Alisema ni yeye alichagua bonde, ni yeye atasema. Nikaogopa kwa ajili yake, juu ya Madamu angeweza kusema: kumbe ni wewe uliua vitoto vyangu, nenda. Alijua, na akaenda. Alivaa koti yake, akapanda kwenye baraza, akasema yote mbele ya chai ya Madamu, hata mbuzi.

Madamu akataka kuona. Lakini alitaka kumaliza chai, kisha kuvaa, kisha kulikuwa na mugeni. Wakati tulishuka kwenye bonde jua lilikuwa juu ya kichwa na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Nikashusha buji. Ikawaka. Nikaiweka sakafuni kabisa. Ikawaka vizuri, kama kwenye misa.

“Muliniita juu ya hii?” Madamu akasema.

“Madamu, ni asubuhi tu, wakati upepo—”

“Mutu akiogopa kufukuzwa, anatafuta hadisi. Ninyi mbili mumetafuta pamoja.” Akarudi nyumbani. Muzee akaokota kopo na kamba. Mimi nilisema mingi, lakini kwa mawe.

Tulikuwa bado kuamua tufanye nini wakati Zizi ilianza. Ilikuwa siku ya mvua, nyuma ya saa sita. Ilikataa chakula, ikaanza kukwaruza mazulia ya Madamu, ikatetemeka. Madamu akasema, ipelekwe kwenye nyumba yake. Mvua ilipiga bati mupaka hatukusikiana. Muzee alikuwa na Zizi mikononi. Akaangalia bonde, akaangalia Madamu, kisha akapita na kuingia jikoni.

Papa Kambale alikuwa anakata vitunguu.

“Imbwa haiingie hapa,” akasema.

“Kambale, ndugu yangu.”

“Hapa napika. Chakula ya watu.”

“Inje ni mvua. Kule ni kifo. Niambie wewe.”

Papa Kambale alimwangalia, kisha akasukuma vitunguu vyake upande mumoja wa meza, akapangusa upande ingine na aproni yake. “Isinyee,” akasema. Njo vile sanduku langu lilikuja kukaa juu ya meza ya jikoni, karibu na moto.

Kitoto ya kwanza kilitoka vizuri. Unapasua ule mufuko kwenye uso wake mara moja, mama asipoupasua, unapangusa mudomo, unasugua na kitambaa bila huruma mupaka kilie. Kitovu unafunga na uzi, unakata mbali na tumbo. Ya pili ilikwama. Mukia na mguu mumoja tu inje, na Zizi inasukuma na haina tena nguvu. Muzee aliosha mikono, akajaribu, lakini mikono yake ilikuwa ya kutoa ndama. Yangu pia ilikuwa minene. Madamu alikuwa kwenye mulango, alikuwa amekuja kutukemea. Muzee akamwambia, kama anaambia mutoto wa kwake:

“Kuja hapa, mama. Vidole vyako ni vyembamba. Osha.”

Madamu akaosha. Muzee akamufundisha: ngoja isukume, ndiyo uvute, chini, upande wa miguu yake, usivute juu, usivute wakati inapumuzika. “Ngoja. Ngoja. Sasa.” Mimi kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ile polepole yake. Kitoto kikatoka, kimelegea, cha bluu. Madamu akafikiri kimekufa. Papa Kambale ndiye alikichukua, akakisugua na aproni yake ya vitunguu, akakipulizia puani. Kikapiga chafya. Mupaka leo anasema ni vitunguu.

Ya tatu ilitoka yenyewe, kama mutu amechoka kungoja.

Mangaribi, wakati yote ilikuwa safi, Madamu akasema sasa vipelekwe kwenye nyumba yao, jikoni ni jikoni. Muzee akasimama mbele ya lile sanduku.

“Madamu, acha vilale hapa. Kesho uje mbele ya jua. Mbele ya chai. Kama buji inawaka, mimi mwenyewe nabeba sanduku, nafunga vitu vyangu, naenda Kibumba na miguu.”

Nilimuvuta koti. Upepo si mutumishi wetu, kesho ungeweza kuwa pale. Hakunisikiliza.

Asubuhi Madamu alitoka na viatu ya nyumba, na koti ya mvua juu ya nguo ya kulala. Mvua ilikuwa imepita. Hakuna jani lilitikisika. Ziwa lilikuwa kama bati mupya. Nikataka kushika kamba, lakini Madamu akaichukua mwenyewe, akashusha buji kupitia mulango. Kwa goti, ikawaka. Akashusha kidogo. Moto ukalala. Akashusha tena, ukafa.

Akaniomba kiberiti. Akawasha, akashusha, ukafa. Alifanya hivyo mupaka kiberiti kikaisha, na kila mara aliinama zaidi kuangalia ni wapi kabisa unakufa, mupaka Muzee akamushika bega na kumurudisha nyuma, kwa sababu na yeye pua yake ilikuwa inaenda chini. Hakukasirika kwa kushikwa. Alikaa juu ya jiwe ya mbuzi. Aliangalia ile sakafu ya mbao.

“Walilala hapo chini,” akasema.

“Ndiyo, Madamu,” Muzee akajibu. “Mama yao alipanda kizingiti. Wao hawakuweza.”

Madamu akaamuka, akaenda jikoni. “Kambale, sanduku litabaki kwenye meza.”

“Madamu, mimi ni mupishi.”

“Utabaki mupishi.”

Juu ya Kibumba hakuna mutu alisema tena neno. Nyumba ya imbwa ilibomolewa, na kwa mbao zake nikatengeneza ingine yenye miguu mirefu kama ghala ya mahindi, nyuma ya ukuta wa jikoni, fasi upepo unapita lakini hauingii. Ile unaikuta mupaka sasa, wewe mwenye utachukua kazi yangu. Usikate miguu yake. Utaona ni mirefu, utasema huyu wa mbele yako alikuwa mupumbavu. Usikate.

Habari zilizobaki ni fupi. Vitoto vidogo hivi havina akiba mwilini, kimoja kikikosa kunyonya kidogo tu kinaanza kupoa na kulegea. Usikimbilie maziwa. Kwanza kipashe moto, kisha sukari na maji kwenye kidole, kisha maziwa ya mama yake. Chupa ya maji ya moto ivikwe soksi siku zote. Usivitoe kwa mama mapema kwa sababu mugeni amekuja na gari. Kitoto ya pili, kile ya bluu, kilibaki kidogo kuliko vingine, na jino moja inatoka inje kama ya baba yake. Wale wanamuke walipokuja kuchagua, hakuna mwenye alikitaka.

Madamu akakiweka ndani ya mikono ya Muzee Gasigwa, kwenye lango, bila kueleza. Muzee, mwenye siku zote alisema hizi ni panya zenye nywele, akakitia ndani ya koti ya marehemu na kufunga kifungo.

Mwisho wa juma akaenda kwao kulala, na mimi nikamusindikiza, juu nilitaka kuona bibi yake atasema nini. Kutoka Goma tulipanda kwenye gari ya mizigo, kisha tukatembea kati ya mashamba ya viazi na baridi ya Kibumba inauma masikio. Njia yote alikuwa anaingiza mukono kwenye koti kuangalia kama kinapumua.

Bibi yake, mama munene mwenye maneno, alisimama kwenye mulango.

“Miaka yote kwa muzungu, na hii ndiyo unaniletea?”

“Inakula kidogo,” Muzee akasema.

“Na italala wapi?”

Akamuonyesha pembe ya nyumba, upande wa moto, kwenye majani. Bibi yake akaanza kutandika. Muzee akamwambia angoje. Akanipa kitoto nikishike, akatoa kwenye mufuko buji na kopo na kamba, vyombo vyangu mwenyewe, sikujua alivichukua. Akapiga magoti, polepole kama kawaida, magoti yake ikalia. Akawasha, akashusha moto mupaka sakafuni, akaweka shavu yake chini kwenye udongo ili aone vizuri.

Wajukuu wakaanza kucheka. Bibi yake akaweka mikono kiunoni.

“Gasigwa, umekuwa namna gani? Hapa hakuna mazuku. Tangu babu ya babu yako hakuna mazuku hapa.”

“Hata kule hakukuwa,” Muzee akasema kutoka chini, bila kuondoa macho kwenye moto. “Tuliuliza mbuzi.”